Upande wa Lauvao

Epenesa alikuwa mwanamke wa kucheka mahali pasipochekwa. Utotoni alitolewa kanisani zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo, na siku ya ndoa yake mchungaji alimwomba mbele ya watu wote ajizuie mpaka mwisho wa sala. Alijizuia, akaja kuangua kicheko kwenye "amina". Uzee ulimkuta kijijini kwao Vailoto, mume amekwisha kufa na watoto wako ng'ambo, Auckland, na bado alikuwa vile vile. Alikaa na kaka yake Lauvao, mgane, katika nyumba isiyo na kuta iliyotazama barabara. Alikaanga kakao, akaitwanga, akaifanya vidonge na kuviuza sokoni Apia, mji mkuu wa Samoa. Wateja walinong'ona kwamba kakao yake ina moshi. Yeye aliwajibu kwamba moshi ndio utamu wenyewe, na asiyeutaka akanunue ya dukani iliyokwisha kuogeshwa.

Kwa Wasamoa dada ni mboni ya jicho la kaka yake. Kaka hali kabla ya dada kupewa, hatukani mbele yake, na dada akisema neno katika ukoo, neno hilo halirukwi kirahisi. Lauvao aliishika mila hiyo kama mtu anayeshika yai. Katika mambo yote alimsikiliza dada yake, ila moja tu: upande wa barabara.

Jambo lenyewe lilianza mwaka ule serikali ilipoamua magari yote ya Samoa yahame kutoka kulia kwenda kushoto. Watu walipewa mapumziko kazini wajizoeze, makanisa yaliombea matairi, na asubuhi moja nchi nzima ikahama upande. Ilihama nchi nzima kasoro Lauvao. Yeye alikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma, yenye kikapu mbele cha kubebea majimbi, na tangu ujana wake aliiendesha kulia. Aliendelea kuiendesha kulia. Polisi wa zamu alipomsimamisha na kumuuliza kama hakusikia tangazo, alijibu kwamba alilisikia vizuri sana, nalo lilihusu magari. Baiskeli yake haikuitwa mkutanoni.

Epenesa alimtania kwa hilo kila uchao. Lauvao alikuwa na hoja yake. Mtu akiwa kulia, alisema, magari yanamjia usoni, kwa hiyo anakiona kifo chake kinavyokuja.

"Na ukishakiona?" dada yake alimuuliza siku moja. "Utakisalimia?"

"Nitakikwepa."

"Kaka, wewe hata kuku hukumkwepa wiki iliyopita."

Kijiji kizima kilijua. Madereva wa hapo walijua pia, wakawa wanampisha kama wanavyompisha nguruwe jike mwenye watoto, kwa honi fupi na tusi la chini chini. Taa hakuwa nayo. Alisema jua la Mungu linatosha, na kama halijatosha, basi si wakati wa kwenda shamba. Lakini mwenyewe alitoka kabla jua halijatosha.

Asubuhi aliyokufa alikunywa kakao yake amesimama, akamwambia dada yake kwamba leo moshi umezidi, akaondoka. Shamba lao lilikuwa upande wa kwenda Apia. Kwenye kona ya kanisa, palipokuwa na majani marefu yaliyoziba macho, alikutana na gari la mikate lililokuwa likitoka Apia. Dereva alikuwa kijana aitwaye Uelese, mtoto wa kijiji cha jirani. Epenesa alisikia kishindo akiwa ameshika kikombe cha kaka yake, anataka kukiosha. Alipofika konani mikate ilikuwa imetapakaa barabarani, na Uelese amepiga magoti katikati yake, amemwekea Lauvao shati lake chini ya kichwa. Lauvao hakulihitaji tena.

Mtu asisome habari hii akadhani Epenesa hakulia. Alilia mpaka sauti ikakauka. Ila kwa Epenesa kilio na kicheko vilikaa chumba kimoja, na mlango ukifunguliwa hakujua mapema kipi kitatangulia kutoka.

Alfajiri ya siku ya pili ukoo wa Uelese ulikuja kuomba radhi kwa desturi ya nchi, inayoitwa ifoga. Walikaa chini kwenye nyasi mbele ya nyumba ya wafiwa, wanaume kwa wanawake, vichwa vimeinama. Mbele yao alipiga magoti mzee wa ukoo wao, Salatielu, amefunikwa gubigubi kwa mkeka wa heshima, ule mwembamba wenye kung'aa unaosukwa kwa miezi na kurithiwa kama dhahabu. Desturi hiyo haina njia ya katikati. Wafiwa wakitoka na kumfunua, wamepokea radhi, na damu hailipizwi. Wasipotoka, aliye chini ya mkeka anangoja, na lolote linaweza kumkuta pale alipo.

Maselino, mwana pekee wa Lauvao, alikuwa amesimama kwenye nguzo na panga mkononi. Alikuwa fundi wa kujenga nyumba huko Apia, mtu mpole siku zote, na watu waliogopa zaidi kwa sababu hiyo.

"Weka panga, Maselino," Epenesa alimwambia. "Hapa hakuna nazi."

Aliliweka. Lakini Epenesa naye hakutoka. Aliona kwamba kaka yake si mtu wa kusamehewa upesi upesi, kana kwamba walivunja sahani. Alikusudia wale watu wangoje mpaka jua lipande juu ya minazi, wauone uzito wake. Akakaa, mgongo wima, anatazama mbele.

Sasa ule mkeka ulikuwa umehifadhiwa juu ya dari miaka mingi, na vumbi lake lilikuwa la miaka hiyo yote. Jua halijachomoza sawasawa, mkeka ukapiga chafya. Ukatulia. Ukapiga nyingine, kubwa zaidi, pembe zikainuka kama mabawa. Watu wa ukoo ule waliinamisha vichwa zaidi kwa aibu. Ya tatu ilipokuja, ilifuatwa na sauti ya mzee kutoka ndani ikiomba msamaha, na haikujulikana ni msamaha wa kifo au wa chafya. Epenesa aliuma midomo. Aliutafuta uso wa kaka yake moyoni ili ajizuie, na huo ndio uliommaliza, kwa maana alimwona Lauvao anacheka. Alitoka nyumbani akilia na kucheka pamoja, akaushika mkeka na kuufunua.

"Inuka, mzee," alisema. "Usije ukatufia na wewe, tukakosa wa kuja kukuombea radhi."

Wakashikana. Mama yake Uelese alimkumbatia Epenesa miguu. Ng'ombe mmoja, nguruwe na makopo ya samaki vilikuja siku ya mazishi, na vijana wa ukoo ule walichimba kaburi na kupika. Kwa upande wa desturi jambo likawa limekwisha.

Kwa upande wa sheria lilikuwa halijaanza. Mahakama ya Apia huipa ifoga uzito wake, lakini mtu akifa barabarani jaji lazima asikilize. Uelese alishtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe na kusababisha kifo, akakiri kosa bila kuweka wakili. Ikabaki hukumu. Maselino alimwambia shangazi yake kwamba anataka yule kijana akae ndani mpaka ndevu zimwote nyeupe. Kupokea mkeka ni kutokata mtu kwa panga, alisema, si kumfungulia mlango wa gereza.

Epenesa mwenyewe hakujua anataka nini. Alijua tu kwamba kila Jumamosi Uelese alikuja, bila kuitwa, akafyeka majani ya uani, akapasua kuni za kukaangia kakao, akaondoka bila kula. Alikuwa kijana mrefu mwenye mabega yaliyokuwa yamejikunja, kama mtu anayepita mlango mfupi siku nzima. Jumamosi ya tatu Epenesa alimwekea kikombe na kumwamuru akae.

Akamwuliza ilikuwaje. Uelese alisema kosa ni lake. Akamwambia hilo ameshalisikia, na polisi nao walilisikia, na hata mbwa wa kijiji sasa wanalijua. Yeye anauliza ilikuwaje. Ndipo kijana akasema. Redio ilikuwa inatangaza mechi ya raga ya wachezaji saba, Samoa wako nyuma kwa pointi chache, naye kwenye kona aliinama kuongeza sauti. Tena mwendo ulikuwa mkubwa kuliko unaoruhusiwa kijijini. Alipoinua macho, mzee alikuwa mbele yake.

"Mbele yako amekupa mgongo," Epenesa aliuliza, "au amekupa uso?"

Uelese akatazama kikombe.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Mama, usiniulize hilo."

"Kwa nini?"

"Baba alisema mkeka ukishafunuliwa, hakuna kurudi kumtafutia marehemu kosa. Ni kama kuja kunyang'anya mkeka."

Epenesa aliwaza juu ya jibu hilo muda mrefu baada ya kijana kuondoka. Maelezo ya polisi alikuwa ameyasikia siku ya kwanza mahakamani. Yalisema marehemu alikuwa anarudi kutoka shamba, yuko upande wake wa kushoto, akagongwa kwa nyuma. Polisi waliikuta baiskeli upande ule, imekunjamana hata mbele na nyuma hazijulikani, wakaunganisha mambo kama mtu mwenye akili anavyoyaunganisha. Baiskeli iko kushoto kwa atokaye Apia, basi ilikuwa inakwenda na gari. Nani katika dunia angewaza kwamba yuko mtu aliyebaki kulia miaka yote ile?

Vailoto nzima iliwaza, lakini Vailoto ilinyamaza. Huwezi kumsema mzee aliyekufa mbele ya mwanawe. Madereva waliokuwa wakimpigia honi walikuja msibani wakamsifu kwa unyofu wake. Uelese alifungwa mdomo na mkeka, na wengine walifungwa na heshima. Mtu mmoja tu alikuwa na haki ya kumsema Lauvao, akiwa hai au akiwa kaburini, naye ni dada yake.

Alimwambia Maselino anachokusudia kusema jioni ya kuamkia siku ya hukumu, kwa kuwa hakutaka alisikie mahakamani kwa mara ya kwanza. Walikuwa wanakula mashelisheli ya kuchoma. Maselino aliacha kula. Alisema baba yake amekufa, na sasa wanataka afe na kosa pia. Epenesa alimweleza kwamba hakuna anayetaka, ila kama nusu ya kosa ni ya Lauvao na wote wakanyamaza, basi Uelese atafungwa kwa makosa ya watu wawili.

"Afungwe," alisema Maselino. "Yeye yuko hai."

"Hilo si kosa, baba. Kuwa hai si kosa."

Maselino akainuka. Mila haimruhusu mtu kumpandishia shangazi yake sauti, na hakuipandisha. "Ukiyasema hayo kesho," alisema polepole, "nitajua baba hakuwa na dada."

Epenesa alibaki na chakula mbele yake. Alikuwa ameambiwa maneno mengi maishani, lakini hilo lilimwingia mahali ambapo hakuwa na utani wa kulizibia. Mtu pekee aliyebaki karibu naye duniani alikuwa huyo. Asubuhi Maselino alimpeleka mahakamani kwa gari lake, kwa sababu shangazi hanyimwi gari, na njia nzima hakumtazama.

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Mwendesha mashtaka alisoma maelezo yake: mzee anarudi shamba, yuko upande wake, anagongwa kwa nyuma na dereva asiyejali. Jaji akauliza kama familia ya marehemu ina la kusema. Maselino alitazama sakafu. Epenesa akasimama, akarekebisha ua alilochomeka sikioni.

"Mheshimiwa, huyo mliyemsoma simjui," alisema.

Jaji akavua miwani, akamwomba aeleze.

"Kaka yangu alikuwa anakwenda shamba, hakuwa anarudi. Kikombe chake kilikuwa bado kina joto mkononi mwangu. Na shamba liko upande wa Apia. Kwa hiyo huyu kijana alikuwa anakuja na kaka yangu alikuwa anakwenda, wakakutana uso kwa uso. Kaka yangu alikuwa kulia."

Mwendesha mashtaka aliuliza kwa adabu ana hakika gani, ikiwa hakuwepo. Epenesa alimjibu kwamba tangu magari yahame, Lauvao hakuwahi kukaa kushoto hata siku moja, isipokuwa kanisani. Nyuma mtu akakohoa. Mwingine akakohoa. Akaanza kueleza habari ya polisi wa zamu na baiskeli isiyoitwa mkutanoni, na watu wa Vailoto waliojaza viti, ambao wiki zote hizo walikuwa wamemeza hadithi hiyo, wakashindwa. Kicheko kilipita chumba kizima, na karani akainamia meza. Epenesa naye alicheka, machozi yanamtoka. Jaji aliwaacha kidogo, kisha akagonga meza.

Alimuuliza kama anafahamu kwamba maneno yake yatapunguza adhabu ya aliyemgonga kaka yake.

"Nafahamu. Lakini sijamaliza, mheshimiwa, na yeye asifurahi mapema." Akamgeukia Uelese. "Waambie habari ya redio."

Uelese alimtazama baba yake. Baba yake alimtazama mzee Salatielu. Salatielu akatikisa kichwa kukubali, na kijana akasimama, akaeleza redio, mechi na mwendo, yote, sauti ikikatika.

"Ndiyo hivyo," Epenesa alisema. "Kaka yangu alikuwa upande usio wake, hana taa. Sehemu yake ameshailipa, na amelipa kupita alivyodaiwa. Huyu gari lake lilikuwa upande wake, ila macho yake hayakuwepo. Sehemu yake aibebe, msimpunguzie. Ya kaka yangu msimbebeshe. Ni hayo tu."

Jaji alikwenda chumbani kwake akarudi. Alisema kosa la mzee halimfutii kijana kosa lake, kwa kuwa barabara ya kijijini ina watoto, wazee na wabishi, na dereva anatakiwa awe na macho ya wote hao. Lakini hatamhukumu kwa jambo lisilotokea. Hakumpeleka gerezani. Alimnyang'anya leseni kwa miaka mitatu, akamweka chini ya uangalizi, na kumwamuru kila Jumamosi ya mwaka mzima afyeke majani kwenye kona zote za barabara ya wilaya ile, aanze na kona ya kanisa.

Nje, Maselino aliona adhabu ni ndogo mno. Mama yake Uelese aliona miaka mitatu bila leseni ni mingi mno, mtoto atakula nini. Epenesa alitazama upande huu umenuna na upande ule umenuna, akaona hukumu imekaa sawa. Mama yule alipotaka kupiga magoti tena alimshika kiwiko, akamwambia magoti ya ukoo wao yameshafanya kazi ya kutosha mwaka huu.

Kisha akaingia garini kwa Maselino. Hakuwa na hakika kama atapelekwa nyumbani au atashushwa njiani. Walitoka mjini, wakapita bandari na vibanda vya nazi.

"Umemvua baba nguo mbele ya watu," Maselino alisema hatimaye.

"Sikumvua. Wao ndio walimvika za mtu mwingine. Mzee mnyofu, yuko upande wake, anarudi shamba polepole kama shemasi. Yule ningemlilia vipi? Mimi namlilia yule mbishi."

Maselino akaendesha. Mkono wake ulipanda usoni, ukashuka, ukapanda tena.

"Alinifundisha baiskeli kulia," alisema. "Nilikuwa mtu mzima, nchi imeshahama, anakuja Apia ananiambia, 'Mwanangu, wewe bado unaweza kuokoka.'"

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nilimwambia nitafikiri." Akacheka kicheko cha pua, kikamgeukia kilio, na Epenesa akamwachia vyote viwili, kwani alivijua. "Shangazi," akasema baadaye, "jana nilisema neno baya."

"Ulisema. Nimelila na mashelisheli, yamekwisha yote."

Walipoingia Vailoto Maselino alipunguza mwendo, akapunguza tena. Kufikia kona ya kanisa gari lilikuwa linatambaa, naye ameushika usukani kwa mikono miwili, shingo mbele, anachungulia majani kushoto na kulia kama anayemtafuta mtu. Nyuma yao basi lilipiga honi. Gari jingine likapiga. Epenesa alitoa mkono dirishani na kuwapungia watulie, hakuna moto mahali. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya nguo alikuwa anapita kando ya barabara kwa miguu. Aliwafikia, akatembea nao sambamba kidogo, akamuuliza Maselino habari za Apia, akajibiwa kwamba ni nzuri, kisha akawapita.